Bidhaa ya Ituri na Ipewe Jina Lake

Methali isemayo kwamba kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza ina ukweli wake, lakini haiwafai watengenezaji wa mji wa Bunia, katika mkoa wa Ituri nchini Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo, wanaoifanya kisingizio cha kuacha bidhaa zao bila jina. Asali ya msitu wa Ituri ni nzuri, nayo huuzwa sokoni ndani ya chupa zilizokwisha kutumika, pengine zikiwa bado na karatasi ya kampuni ya maji. Mnunuzi aliyeipenda hana njia ya kumrudia mrinaji yule yule, na aliyeuziwa asali iliyotiwa sukari hajui amlaumu nani. Hali ya kahawa ya Mahagi na kakao ya Mambasa ni nzito zaidi, kwa kuwa sehemu ya mazao hayo huvushwa mpakani kwa magendo, ikachanganywa na mazao ya Uganda, hata ikafika ng'ambo ikihesabiwa kuwa mali ya nchi nyingine.

Kuchagua jina, basi, ni wajibu, na sharti lake la kwanza ni ukweli, kwa sababu jina ni ahadi ambayo mnunuzi huilipia kabla hajafungua mfuko. Unga wa muhogo uliochanganywa na mahindi usiitwe muhogo mtupu, wala sabuni iliyopikwa kwa mawese isipewe jina la zeituni ili ipandishwe bei.

Sharti la pili ni kwamba jina liwe la wote. Katika mji ambamo Kilendu, Kihema, Kialuru, Kibira, Kilugbara, Kilingala na Kifaransa husikika pamoja na Kiswahili, na ambamo vita vilivyoanza Djugu mwaka 1999 viliacha majeraha yasiyopona upesi, jina linalosikika kama majigambo ya kabila moja humfukuza mteja na huongeza chuki. Kwa hiyo jina lolote, kabla halijachapwa, lisomwe kwa sauti mbele ya wasemaji wa lugha hizo, ili lijulikane kama linatamkika bila taabu na kama halina maana ya matusi kwa yeyote. Kwa mfano, huduma ya kutuma fedha kwa simu iliyoanzishwa Kenya mwaka 2007 kwa jina la M-Pesa iliingia Kongo mwaka 2012 na jina lake lile lile, wala halikuhitaji mkalimani, kwa kuwa neno pesa linaeleweka Bunia kama linavyoeleweka Nairobi.

Sharti la tatu ni kuheshimu mali ya wengine na kulinda ya kwako. Kuchukua jina la sabuni mashuhuri, kubadili herufi moja na kuiga rangi za karatasi yake ni wizi, hata kama mwizi ni jirani mwema. Sheria ya Kongo namba 82-001 ya tarehe 7 Januari 1982 inatambua alama ya biashara, yaani jina au mchoro unaotofautisha bidhaa ya mtu na za wengine, na huruhusu mwenyewe aiandikishe kwa wizara inayosimamia viwanda. Ieleweke, hata hivyo, kwamba neno la kawaida kama asali, au jina la mahali kama Ituri likisimama peke yake, halifai kumilikiwa na mtu mmoja, na kwamba uandikishaji wa Kongo haulindi kitu ng'ambo ya mpaka.

Gharama za uandikishaji humlemea mrinaji mmoja, lakini hazipaswi kukishinda chama cha ushirika. Wakulima na mafundi waungane, wakubaliane juu ya jina moja na kipimo kimoja cha ubora, na yeyote atakayetia sukari katika asali ya wenzake anyang'anywe haki ya kulitumia jina hilo. Kwa maana jina lisilo na wa kulitetea halimlindi mkulima wala mnunuzi.