UJI ULIOCHACHA SI AIBU
Na mwanafunzi wa Kidato cha Tatu

Nimeshika kalamu kutoa maoni juu ya jambo ambalo wengi wetu hulicheka: uji mkali wa wimbi. Nyanya zetu hapa Kisii na Nyamira hukoroga unga na maji, wakaufunika siku mbili au tatu hadi uchache, ndipo wakaupika. Siku hizi kijana akipewa erongori ya namna hiyo hukunja pua na kusema eti ni ya wazee. Mimi nasema wazee walitutangulia, na jiko la shule yetu linafaa kuwaiga.

Sababu yangu ni kitu kiitwacho asidi ya fitiki. Mimea huitumia kuweka akiba ya fosforasi ndani ya mbegu. Imo katika mahindi, wimbi, mtama, maharagwe na njugu, hasa katika nafaka ambazo hazijakobolewa. Ndani ya tumbo la mwanadamu, asidi hii hushikamana na madini ya chuma na zinki, na sehemu kubwa ya madini hayo hupita bila kuingia mwilini. Basi unaweza kushiba na bado mwili ukawa na njaa. Tena, asidi hii hustahimili moto. Hata ukichemsha githeri kutwa nzima, nyingi hubaki.

Je, hasara yake ni nini? Chuma ndicho kinachosaidia kutengeneza damu. Kikipungua, mtu huchoka ovyo, huona kizunguzungu na hushindwa kumakinika. Mwanafunzi anayesinzia kila mchana huitwa mvivu, kumbe huenda ana upungufu wa damu. Wasichana wako hatarini zaidi kwa kuwa hupoteza damu kila mwezi. Zinki nayo huhitajika katika kukua. Mwaka 1961, Daktari Ananda Prasad na wenzake waliandika kuhusu vijana waliodumaa katika eneo la Shiraz, Iran. Chakula chao kikuu kilikuwa mkate wa ngano usiotiwa hamira. Baadaye ilibainika kwamba zinki iliwapungukia, na fitiki ya mkate ule ilikuwa mojawapo ya sababu.

Sasa turudi kwa nyanya. Unga ukikaa majini, kimeng'enya kilichomo ndani ya nafaka yenyewe, pamoja na bakteria wanaouchachusha, huanza kuivunja ile fitiki. Ukiupika unga mkavu moja kwa moja, moto hukiharibu kimeng'enya hicho kabla hakijafanya kazi. Ememera, yaani wimbi uliooteshwa, pia hupungua fitiki kwa njia hiyo hiyo. Nyanya hakufundishwa kemia, lakini alichofanya kilikuwa kemia safi!

Naomba nisieleweke vibaya. Sisemi wimbi ni sumu. Wimbi una kalsiamu nyingi kushinda mahindi, na anayekula nyama, samaki, mboga na matunda hana haja ya kuogopa. Shida ni yetu sisi ambao sahani yetu ni mahindi na maharagwe Jumatatu hadi Ijumaa. Wengine watasema kwamba tangu 2012 sheria ya Kenya inataka unga wa mahindi wa viwandani uongezwe madini. Ni kweli, lakini wangapi kati yetu hununua unga wa pakiti? Si tunabeba mahindi yetu hadi mashine ya kusaga kijijini?

Kwa hivyo napendekeza mambo matatu. Kwanza, mahindi na maharagwe ya githeri yalowekwe usiku kucha na maji yale yamwagwe. Fitiki haitaisha yote, lakini itapungua, na maharagwe yataiva upesi. Mpishi akilalamika kwamba kazi imeongezeka, ahesabu kuni zitakazookolewa.

Pili, uji wa saa nne uwe wa kuchachushwa, katika vyombo safi vyenye vifuniko.

Tatu, chai tunayoshushia chakula ingoje saa moja au zaidi. Najua hapa nimegusa pabaya, maana kuanzia Kebirigo hadi Kiamokama, karo za wengi wetu hutoka kwenye majani chai. Sisemi tusinywe. Nasema chai nayo huzuia chuma kuingia mwilini, basi isikae pamoja na mlo. Badala yake tule pera au chungwa, kwa sababu vitamini C hukisaidia chuma kuingia. Mapera huoza chini ya miti yetu huku tukitafuta pesa za soda. Na mzazi akipita soko la Daraja Mbili, alete omena kidogo za kuongezea chinsaga na rinagu.

Hakuna pendekezo hata moja hapa linalohitaji harambee. Yanahitaji mapipa, maji ya jioni na uamuzi wa wakubwa wetu. Nanyi wenzangu, uji mkali ukiletwa, msiumwage nyuma ya darasa. Wahenga walisema mwacha mila ni mtumwa. Mimi naongeza kwamba mila nyingine ukiziacha, hata damu hupungua. Tafakarini hayo!