Vumbi la Kazi Lisilale Nyumbani

Ndugu wafanyakazi, na ninyi mama wa nyumbani,

Kila jioni katika barabara za Annexe tunaona jambo la kupendeza. Baba anarudi kutoka kazini, angali na nguo za kazi na bote miguuni. Mtoto anamwona, anakimbia, anamrukia kifuani. Ni furaha ya nyumba. Lakini mimi nasema desturi hiyo ibadilike, na sababu yake imo ndani ya mifupa yetu.

Sisi watu wa migodi tunajua mawe mengi. Liko moja ambalo kila mtu anatembea nalo: apatiti. Huko Minjingu, kaskazini ya Tanzania, wanalichimba na kulisaga liwe mbolea. Mwilini, jiwe la ukoo huo huo, lililojengwa kwa kalsiamu na fosfati, ndilo linaloupa mfupa nguvu. Ganda la juu la jino ni karibu jiwe tupu: sehemu 96 katika 100.

Ubaya wake ni kwamba jiwe hilo linapokea wageni. Risasi, ile tunayoiita plombe, ikiingia katika damu, inashika mahali pa kalsiamu. Kwa mtu mzima, zaidi ya sehemu 90 katika 100 za risasi iliyobaki mwilini zimo katika mifupa, na zinaweza kukaa humo makumi ya miaka. Mama akichukua mimba au akinyonyesha, mifupa yake inatoa kalsiamu kwa ajili ya mtoto, na risasi ya zamani inatoka pamoja nayo.

Tusidhani ni habari za mbali. Mawe ya Kipushi yana zinki na shaba, na risasi imo pia. Ng'ambo ya mpaka, kule Kabwe, Zambia, mgodi wa risasi ulifungwa mwaka 1994, lakini vumbi lake lingali linadhuru watoto waliozaliwa baadaye. Mtoto anatia mikono mdomoni, na tumbo lake linapokea risasi kuliko letu. Inaharibu ubongo wake, na madhara hayo hayana dawa ya kuyafuta.

Mwaka 2011, mjini Oakland, Marekani, walichanganya mifupa ya samaki iliyosagwa na udongo wa viwanja vya nyumba, ili apatiti iikamate risasi. Ni akili nzuri. Mifupa ya samaki na ifanye kazi hiyo. Mifupa ya watoto wetu isiifanye.

Wengine watasema: «Nguo za kazi ni heshima yangu, mtaa uone kwamba nina kazi.» Heshima ya baba ni afya ya watoto wake. Oga na ubadili nguo kabla ya kutoka kazini. Bote zibaki huko. Ikilazimu nguo zifuliwe nyumbani, mama asizikung'ute: azilowanishe kwanza, azifue mbali na nguo nyingine, na maji yake yasimwagwe mahali watoto wanapochezea.

Wakubwa wa kazi nao wana deni: maji ya kuogea, makabati mawili kwa kila mtu, moja la nguo safi na moja la nguo za kazi, na mahali pa kufulia pale pale kazini. Tusione haya kuyadai.

Ndipo mtoto akikimbia kukupokea, umfungulie mikono bila hofu.