Acheni Kumwogopa Mchezaji Pancha

Kila Agosti, ligi ya Uingereza ikikaribia kuanza, Mwanza hutangaziwa sheria ileile. Utaisikia kwenye vijiwe vya bodaboda Buzuruga, utaisikia Mwaloni Kirumba magunia ya dagaa yakipakiwa, utaisikia kwa wanafunzi wa SAUT kule Malimbe, na utaisoma kwenye kila grupu la WhatsApp ambalo watu wamechanga elfu kumi kumi kugombea ubingwa wa Fantasy: mchezaji pancha usimguse. Anayeitamka huitamka kama hakimu anayefunga jalada, wala haulizwi ushahidi. Winga mwenye kasi, anayefunga na kupiga penalti, anakatwa kwa sababu msimu uliopita alikaa nje miezi mitatu. Nafasi yake anapewa kiungo mmoja mpole, anayecheza dakika 90 kila wiki bila kufanya jambo ambalo hata mama yake angelikumbuka.

Sheria hiyo ni ya uvivu. Inapendwa kwa sababu inamwondolea mtu kazi ya kufikiri, halafu inamvisha sifa ya busara.

Kwa asiyecheza mchezo huu: unapewa pauni milioni 100 za kufikirika, unasajili wachezaji 15 wa Premier League, wasiozidi watatu kutoka klabu moja, na wanachokifanya uwanjani kinageuka pointi zako. Kiungo akifunga unapata 5, akitoa pasi ya goli unapata 3. Akicheza dakika 60 au zaidi unapata 2, chini ya hapo 1. Asipotokea kabisa, mtu wa benchi lako anaingia mwenyewe bila wewe kugusa simu. Hilo la mwisho mabingwa wa "usimguse" hulisahau kila mwaka.

Twende kwenye hesabu. Tarehe 11 Agosti 2023, mechi ya kwanza kabisa ya msimu, Kevin De Bruyne alitoka uwanjani kule Burnley kabla hata ya nusu saa, ameshika nyama za nyuma ya paja. Akafanyiwa upasuaji. Siku ileile aliyoumia vibanda umiza vyote vya jiji hili vilikwishamzika: mzee, pancha, kwisha. Tarehe 13 Januari 2024 akaingia akitokea benchi dhidi ya Newcastle, Manchester City ikiwa nyuma 2-1. Akasawazisha, kisha dakika za nyongeza akampigia Oscar Bobb pasi ya goli la ushindi. Msimu ulipoisha alikuwa amecheza mechi 18 tu za ligi, na ndani yake ana magoli 4 na pasi za magoli 10.

Magoli 4 ni pointi 20. Pasi 10 ni pointi 30. Ongeza pointi za kuonekana uwanjani; hata tukimbania tumpe moja moja, ni 18. Jumla 68, kabla ya bonasi na kadi. Zile mechi 20 alizokosa, mweke yule kiungo mpole wa pointi mbili mbili: 40. Nafasi moja ya kikosi chako imekuletea 108. Sasa mchukue huyo mpole peke yake, acheze mechi zote 38, dakika zote, asiumie hata kucha: 76. Mtu aliyekosa zaidi ya nusu ya msimu, akisaidiwa na mtu wa kawaida kabisa, amemzidi mzima wa afya kwa pointi 32. Kwenye ligi zetu za kuchangishana, pointi 32 ndiyo tofauti ya anayebeba chungu na anayebaki kudai kwamba waamuzi wa Uingereza wana njama.

Najua jibu linalokuja. "Lakini pesa yako inakuwa imekwama kwa mgonjwa." Imekwamishwa na nani? Akiumia unamuuza. Tangu msimu wa 2024/25 mchezo unakuruhusu kulimbikiza mabadiliko ya bure hadi matano. Ukivuka idadi uliyonayo ndipo unakatwa pointi 4 kwa kila badiliko la ziada. Anayejua kwamba ana mtu wa hatari kikosini anaweka akiba ya badiliko moja au mawili, basi. Anayemaliza mabadiliko yake kila wiki kwa kufukuza mchezaji aliyefunga juzi, huyo hata akisajili malaika watupu ataishia vibaya.

Na jambo hili lilipaswa kuwa rahisi zaidi kwetu sisi watu wa ziwani kuliko kwa mtu yeyote. Mwenye mtumbwi wa dagaa anajua kwamba mwezi ukiwa mpevu taa zake hazina kazi. Samaki hawakusanyiki, na wavuvi wanapumzika mpaka giza lirudi. Hajawahi kutokea mwenye akili akauza mtumbwi kwa sababu kila mwezi una siku ambazo hauingizi kitu. Anapiga hesabu ya mwezi mzima. Watu haohao wanaoielewa hesabu hiyo tangu utotoni, wakishika simu wanataka mchezaji asiyekosa hata siku moja.

Kosa kubwa zaidi ni kuyaweka majeraha yote kwenye gunia moja. Mguu uliovunjwa na beki aliyechelewa ni ajali. Hausemi lolote kuhusu mwili wa aliyevunjwa. Unasema kuhusu yule beki. Nyama za paja ni habari nyingine, na hapa nitawapa wapinzani wangu haki yao: aliyewahi kuchanika ana hatari kubwa zaidi ya kuchanika tena kuliko ambaye hajawahi. Lakini hatari hiyo ina kalenda. Jan Ekstrand, daktari wa Sweden aliyeongoza kwa miaka mingi utafiti wa majeraha katika klabu kubwa za Ulaya chini ya UEFA, alionyesha pamoja na wenzake kwamba kati ya majeraha ya nyuma ya paja, karibu asilimia 18 ni ya kujirudia, na zaidi ya theluthi mbili ya hayo hutokea ndani ya miezi miwili tangu mchezaji arudi uwanjani. Miezi miwili! Sasa angalia watu wanavyofanya. Winga akirudi leo na kufunga, wanamkimbilia usiku huohuo, wakati hatari iko juu kabisa. Akiumia tena wanaapa kutomgusa. Miezi minne baadaye, akiwa amecheza mechi kumi na mbili mfululizo bila kushika paja, bado wanamwita pancha. Wanamnunua wakati wa kuogopa na kumwogopa wakati wa kununua.

Vijana wanaocheza mabonanza pale Nyamagana kwenye nyasi bandia wanalijua hili kwa mwili wao. Paja likichanika, maumivu yakiisha unadhani umepona. Jumapili unaingia, unakimbilia mpira mrefu mmoja, na unarudi nyumbani unachechemea. Ukisubiri inavyotakiwa, unacheza mwaka mzima. Hatujawahi kuwaita vijana hao wenye nuksi, ila winga wa Chelsea tunamwita.

Halafu kuna ile imani pacha, ya mchezaji wa chuma. Bukayo Saka alicheza mechi 87 mfululizo za ligi akiwa na Arsenal, rekodi ya klabu, hadi alipokosa ile ya Manchester City Oktoba 2023. Kila mtu alimtaja kama mfano wa usalama: mchukue, msahau. Tarehe 21 Desemba 2024, Selhurst Park, paja likachanika, akafanyiwa upasuaji na hakuonekana tena hadi tarehe 1 Aprili 2025, alipoingia dhidi ya Fulham na kufunga. Agosti mwaka huohuo akaumia tena dhidi ya Leeds, na mwezi uliofuata akawa amerudi. Je, Saka ni chuma au ni pancha? Ni kijana aliyechezeshwa mno tangu akiwa na miaka 18, kama ambavyo wengi wa kizazi chake wanachezeshwa. Utafiti uleule wa UEFA unasema kiwango cha majeraha ya nyuma ya paja kati ya majeraha yote kimepanda kutoka asilimia 12 msimu wa 2001/02 hadi 24 msimu wa 2021/22. Mzima wa leo ni mtu ambaye zamu yake haijafika. Erling Haaland mwenyewe alikosa karibu miezi miwili ya msimu wa 2023/24 kwa jeraha la mguu, akamaliza na mechi 31, magoli 27 na kiatu cha dhahabu. Sijasikia kijiwe hata kimoja kikimwita pancha, maana anafunga mno kiasi kwamba sheria inaogopa kumgusa.

Kwa wenye umri wangu, mjadala huu ulipaswa kuisha na Robin van Persie. Alifika Arsenal mwaka 2004, na kwa misimu saba hakuwahi kuvuka mechi 28 za ligi. Msimu mmoja alicheza 15, mwingine 16. Ilifika mahali Novemba 2009 akafunga safari hadi Belgrade kutibiwa enka kwa kusuguliwa kondo la nyuma. (Wale Wazungu wanaotucheka kwa waganga wetu walikaa kimya wiki hiyo.) Mwenye sheria ya "usimguse" alikuwa na ushahidi wa miaka saba mkononi, ushahidi mzito kuliko wowote anaoutumia leo. Msimu wa 2011/12 Van Persie akacheza mechi zote 38 na kufunga 30. Arsenal wakamuuza Manchester United, akacheza tena zote 38, akafunga 26 na kuchukua ubingwa. Na dalili zilikuwepo kwa aliyetaka kuziona: msimu wa kabla ya hapo, 2010/11, alifunga 18 katika mechi 25. Alikuwa anafunga karibu kila anapokanyaga nyasi. Lakini watu walihesabu mechi alizokosa, hawakuhesabu alizocheza.

Sidai kwamba kila kamari ya namna hii inalipa. Daniel Sturridge aliwapa waliomwamini magoli 21 katika mechi 29 msimu wa 2013/14. Waliorudi kwake msimu uliofuata walipata mechi 12. Reece James amewaliza watu wengi wenye subira, na mimi simlaumu aliyeamua kwamba imetosha. Pia nakiri kwamba tangu msimu wa 2025/26 mchezo umeanza kutoa pointi 2 kwa kazi za ulinzi, kukaba na kuondosha mipira, kwa hiyo yule kiungo mpole amepandishwa cheo kidogo. Kidogo. Bado hapigi penalti.

Kwa nini basi sheria hii haifi? Sababu moja ni yetu wenyewe. Kwenye soka letu, klabu ikiulizwa kuhusu mchezaji asiyeonekana, mara nyingi jibu ni kwamba "ni majeruhi", na habari imeishia hapo. Amechanika au ameteguka, atarudi lini, alianza lini mazoezi mepesi: ukungu mtupu. Kwenye ukungu huo ndipo huzaliwa maneno ya nuksi na kurogwa. Shabiki aliyelelewa hivyo, akihamia Fantasy, anaona majeruhi ni kabila la watu. Haoni kwamba kila jeraha lina sehemu yake mwilini na tarehe yake ya kupona.

Sababu ya pili ndiyo nzito: aibu. Ukimsajili pancha, ukampa unahodha, akatoka dakika ya 20, grupu zima litakutumia vibonzo mpaka Jumatano. Ukimsajili mpole akakupa pointi mbili mbili wiki kumi mfululizo, hakuna atakayekuandikia neno, ingawa hasara yako ni kubwa zaidi. Hasara ya kwanza ina picha, kuna mtu amelala chini na machela inaingia. Ya pili haionekani, inatambaa tu kwenye jedwali. Kwa hiyo watu wanachagua kushindwa kimyakimya, kisha wanauita uchaguzi huo uzoefu. Na kwa kuwa wote wanamkimbia mtu yuleyule, mwenye ujasiri wa kumchukua anabaki naye peke yake kwenye ligi ya watu ishirini. Winga huyo akifunga mawili, kumi na tisa hawana cha kujibu.

Anayetaka kuacha uvivu ana mambo ya kutazama, na si mengi. Alichanika wapi, na ni mara ya ngapi palepale? Amerudi lini, na ile miezi miwili imepita? Katika mechi tatu za mwisho kocha amemwachia dakika ngapi: 55, kisha 68, kisha 85 ni habari njema kuliko goli lolote. Kuna mechi ya Ulaya Jumatano? Kocha alisema nini Ijumaa? Mikel Arteta hasemi kitu, lakini wengi wao husema. Na lile onyo la njano la uwezekano wa asilimia 75 wa kucheza si hukumu ya kifo, lisomeni taratibu.

Jingine ni saa. Mechi ya kwanza ikiwa ya mapema Jumamosi, Agosti hadi mwisho wa Oktoba dirisha la mabadiliko hufungwa saa 7 mchana kwa saa zetu. Waingereza wakirudisha saa zao nyuma, linafungwa saa 8. Mechi ya kwanza ikiwa Ijumaa usiku, linafungwa Ijumaa hiyohiyo kabla ya mechi. Nusu ya watu wanaomlaumu mchezaji pancha kwa kuwaharibia wiki walikuwa na taarifa ya kuumia kwake tangu Ijumaa. Walikuwa sokoni, au kwenye kivuko cha Kamanga mtandao ukisuasua, wakafungua simu mpira umeshaanza. Huyo winga wa watu alikuwa amekaa jukwaani na koti lake, amesema mapema kwamba hatacheza.