Polinomia Si Njia

Thamani-aigeni hueleza matriksi inavyorefusha au kufupisha vekta zisizotoka kwenye mistari yao. Hilo halina ubishi. Ubishi uko kwenye kuzitafuta.

Dai la kwanza ni la ubaoni: andika determinanti, pata polinomia, itatue. Kwa matriksi ya 2 kwa 2, sawa. Kwa kubwa, James Wilkinson wa Uingereza alikwishaonyesha hatari yake. Alichukua polinomia ambayo majibu yake ni 1, 2, 3, mpaka 20, ambamo namba inayozidisha x kwa kipeo cha 19 ni -210. Akaipunguza kwa takriban 0.00000012 tu. Majibu kumi yakawa namba changamano, na lile la 20 likaruka hadi karibu 20.8! Kompyuta hukadiria desimali kila hatua, kwa hiyo makosa madogo namna hiyo hayakwepeki. Ndiyo maana programu ya MATLAB, ikipewa polinomia, huigeuza kwanza kuwa matriksi ndipo itafute majibu.

Dai la pili: wapo wanaomkimbilia mwanahisabati Abel, aliyethibitisha mwaka 1824 kwamba mlinganyo wa kipeo cha tano hauna fomula ya jumla ya vipeuo. Basi, wanasema, tumekwama. Kukosa fomula si kukosa jibu. Algorithimu ya QR, waliyoibuni John Francis wa Uingereza na Vera Kublanovskaya wa Leningrad mwanzoni mwa miaka ya 1960, kila mmoja kivyake, hugawa matriksi kuwa vipande viwili, huvizidisha kinyumenyume, kisha hurudia hadi thamani zijitokeze kwenye ulalo. (Francis aliiacha fani, na hakujua kazi yake ilivyoenea hadi alipotafutwa mwaka 2007.)

Dai la tatu hunikera zaidi: eti kuzidisha vekta kwa matriksi tena na tena ni mchezo wa darasani. Chukua matriksi yenye safu (2, 1) na (1, 2), anza na (1, 0). Unapata (2, 1), kisha (5, 4), (14, 13), (41, 40). Gawanya namba za kwanza kwa zilizotangulia: 2.5, 2.8, 2.93. Inanyemelea 3, na ndiyo thamani kubwa kuliko zote. "Mchezo" huohuo ndio Google waliotumia kupanga kurasa za wavuti. Kasoro yake ya kweli ni nyingine: thamani mbili za juu zikikaribiana kwa ukubwa, hujikongoja.