SWICHI ZA SHULE: FUNDI AULIZWE KWANZA



Shule nyingi kutoka Kitale mpaka Bungoma sasa zina chumba cha kompyuta, na wakuu wa shule wanatafuta swichi, yaani kile kisanduku kinachounganisha nyaya za kompyuta zote. Wako watakaosema hili si jambo la chama. Ni letu kabisa. Sisi makarani, mafundi wa maabara na walinzi tulioajiriwa na Halmashauri za shule hatulipwi na TSC. Mshahara wetu watoka katika mfuko ule ule utakaonunua swichi. Mwaka 2018 Serikali iliweka shilingi 22,244 kwa mwaka kwa kila mwanafunzi wa sekondari, na sote twajua fedha hizo huchelewa na hufika zimepungua. Zikitupwa dukani, ni nani huambiwa angoje mwezi ujao?

Kosa kubwa ni kumwachia mwuzaji achague. Najua shule moja, jina nalificha, yenye kompyuta 20. Iliuziwa swichi ya matundu 48, ya aina ile ya kupangwa kwa neno la siri. Neno lenyewe akabaki nalo mwuzaji. Kila ikigoma, anaitwa kutoka Nairobi na kulipwa nauli. Karani naye alikemewa kwa kuchelewesha majina ya watahiniwa!

Kwa kompyuta 20, swichi ya matundu 24 yatosha, ile ya kawaida isiyotaka kupangwa: wachomeka waya, kazi inaanza. Iwe ya gigabiti, kwa sababu masomo yakiwekwa katika kompyuta moja kubwa ya shule, darasa zima huyavuta kwa mara moja. Lakini mtu asidanganywe ya kuwa swichi ghali itaongeza mwendo wa intaneti. Njia ya kutoka nje huwa nyembamba kuliko swichi yo yote. Wala tusilipie ile inayopeleka umeme ndani ya waya wa mtandao kama shule haina kamera wala mitambo ya wayalesi ya kuutumia.

Aina ya kupangwa naikubali mahali pamoja tu: ikiwa hesabu za karo na wanafunzi wanapita swichi moja. Hapo lazima watenganishwe. Neno la siri liandikwe, lifungiwe katika sefu ya shule.

Na zile kuukuu za maofisini, ziuzwazo Barabara ya Luthuli? Chuma chake ni kizuri, lakini nyingi zina feni zinazovuma kama kinu cha posho na kula umeme usiku kucha. Bili ya stima itameza nafuu yote.

Pesa iliyobaki iende kwenye waya. Madukani kuna waya wa aluminiamu uliopakwa shaba juu, bei yake ndogo. Kwaruza kwa kisu: ukiona weupe ndani, rudisha. Kipande kimoja cha waya wa shaba kisizidi mita 100. Tena huku kwetu, chini ya Mlima Elgon, radi si hadithi. Waya wa shaba uliovutwa nje kutoka jengo hata jengo huweza kuibeba radi hiyo mpaka kwenye swichi, na kompyuta zikafuata. Kati ya majengo itumiwe faiba, kwani kioo hakipitishi umeme, na umeme wa jengo uwe na waya wa kushuka ardhini uliopimwa. Shule isiyoweza faiba heri ibaki na chumba kimoja kwanza.

Sheria ya Ununuzi wa Umma ya 2015 yataka shule ieleze kifaa inachohitaji bila kushikilia jina la kampuni moja. Basi ni nani atakayeandika maelezo hayo, kama si fundi atakayekitunza? Twataka akae katika kikao kabla bei hazijaitishwa, si kuitwa baadaye kubeba sanduku. Nusu ukurasa watosha: matundu 24, gigabiti, bila feni, waya wa shaba tupu, dhamana iliyoandikwa, na siku moja ya mwuzaji kumfundisha fundi kwa gharama yake mwuzaji. Wanachama wanaotaka msaada wa kuyaandika wamwone katibu wa tawi kabla ya shule kufunguliwa Januari.