Memori Kadi Moja Haitoshi



Ndugu wanafunzi na wazazi, siku hizi katika nyumba zetu hapa Utete mambo mazito yamewekwa ndani ya kitu chepesi kuliko korosho moja. Visomo vya Qur'ani, darsa za masheikh, qasida za maulidi, sauti ya babu aliyekwisha tangulia mbele ya haki: vyote vimo katika memori kadi ya simu, yenye urefu wa milimita 15 na upana wa milimita 11. Mimi naona tunaiamini mno kadi hii, na hatuijui.

Kadi za aina ya SD zilitangazwa mwaka 1999 na kampuni za SanDisk, Matsushita na Toshiba. Hizi ndogo za simu zikafuata baadaye. Ndani hamna utepe kama wa kaseti. Mna vijumba vidogo mno, mabilioni kwa mabilioni, vinavyonasa chaji ya umeme. Kila tunapoandika na kufuta, vijumba huchakaa. Na kadi ikikaa miaka mingi bila kutumika, chaji huvuja polepole. Basi anayeifunga kadi katika kitambaa na kuitia sandukuni akidhani ameihifadhi, hajaihifadhi. Kaseti ilikwaruza kwanza kabla ya kuharibika. Kadi yaweza kufa kimya.

Tena ziko kadi za uongo. Juu imeandikwa GB 64, ndani ni GB 8 tu. Ukipita kiasi chake cha kweli, majina ya mafaili yataonekana lakini darsa halifunguki. Ukinunua kadi, ijaze kwanza pomoni kwa vitu visivyo na thamani, kisha ufungue mafaili ya mwanzo na ya mwisho.

Na aliyefuta kwa bahati mbaya asirekodi tena chochote katika kadi hiyo. Mara nyingi kinachofutwa ni anwani tu. Sauti yenyewe hubaki mpaka iandikwe nyingine juu yake, na fundi mwenye programu ya kurejesha huweza kuipata. (Mnaouza kadi zenye picha za familia, fikirini na upande huo.)

Qur'ani ilikuwa imehifadhiwa vifuani mwa watu, na bado Khalifa Uthman (r.a.) aliagiza misahafu inakiliwe na kupelekwa miji mbalimbali. Sisi darsa la sheikh wetu tunaliachia nakala moja! Nasi ni watu wa mto. Mafuriko ya Aprili 2024 yaliyoikumba Rufiji na Kibiti hayakuchagua simu wala sanduku, na nakala ya pili ikikaa nyumba ileile huenda na maji hayohayo.

Napendekeza nakala tatu: moja katika simu, ya pili katika kompyuta au flashi ya jirani mwaminifu, ya tatu kwa ndugu aliyeko Ikwiriri au Dar es Salaam. Kila Mfunguo Mosi, Idi ikishapita, zote zifunguliwe na kusikilizwa. Itakayoanza kugoma, inakiliwe upya siku hiyohiyo kutoka kwenye iliyo nzima, insha'Allah.