Fulana ya kubana kifua haiharibiwi na uzembe, inaharibiwa na maisha ya shitingi

BARAKA, FIZI. Katika maisha ya ukimbizi kuna nguo mbili ambazo mwenye nazo hathubutu kuzianika mbele za watu. Ya kwanza kila mama anaijua: kitambaa cha hedhi. Ya pili inajulikana na wachache: fulana ya kubana kifua, inayovaliwa na wanaume wa trans, yaani watu waliozaliwa wakahesabiwa kuwa wasichana lakini wanajijua na wanaishi kama wanaume. Nguo ikifuliwa kwa kujificha, ikafichwa chini ya mkeka ingali mbichi, ikavaliwa alfajiri kabla haijakauka, haiwezi kudumu. Na ngozi iliyo chini yake haiwezi kuwa salama.

Kila nguo ya namna hiyo inapochakaa mapema, lawama humwangukia aliyeivaa. Hakuitunza, wanasema. Amepewa na ameharibu. Lawama hiyo si ya haki, na wakati umefika wa kuipeleka mahali pake: kwa wanaogawa msaada bila kuuliza utatunzwa wapi, kwa wahudumu wa afya wanaocheka kabla ya kupima, na kwa majirani wanaofanya kamba ya nguo kuwa mahakama.

Kwanza nguo yenyewe ieleweke. Fulana nzuri ya kubana kifua ina kitambaa kisichonyumbuka upande wa mbele, na kitambaa chenye nyuzi za elastiki mgongoni na ubavuni. Mbele inalaza kifua, nyuma inaachia mbavu nafasi ya kupanuka mtu anapovuta pumzi. Nguvu yote ya nguo hiyo iko katika zile nyuzi za elastiki, na nyuzi hizo zina maadui wanaojulikana: maji ya moto, pasi, jua kali, jasho lililokaa, mafuta ya kujipaka na klorini.

Ndiyo maana masharti yake ni yale yale kila mahali. Ifuliwe kwa mkono, kwa maji ya baridi na sabuni isiyo kali. Isuuzwe mpaka povu liishe, maana sabuni iliyobaki huwasha ngozi. Isikamuliwe kwa kusokotwa; ikandamizwe ndani ya taulo au kitenge kikavu. Ikaukie kivulini penye upepo, imelazwa au imetandazwa juu ya kamba, isining'inizwe kwa mabega ikavutwa na uzito wa maji. Mwenye nayo awe na mbili, moja ivaliwe na nyingine ipumzike, kwa sababu elastiki inayopumzika hurudi katika umbo lake. Ikivaliwa hivyo karibu kila siku, makadirio ya kawaida ni miezi 6 hadi mwaka mmoja. Kitambaa kikivutwa kisirudi, kingo zikaanza kujikunja, mishono ikaachia, imekwisha. Hapo wengi hufanya kosa baya: wanavaa mbili kwa pamoja, au wanatafuta saizi ndogo zaidi. Fulana iliyokufa inatupwa, haiongezewi nyingine juu yake.

Masharti ya kuivaa nayo yanajulikana. Isizidi saa 8 kwa siku. Isivaliwe usingizini. Ivuliwe wakati wa kazi nzito, wakati wa homa na wakati wa kikohozi, ili mapafu yafunguke. Kuwe na siku za juma ambazo haivaliwi kabisa. Utafiti uliochapishwa mwaka 2017, uliowauliza watu 1,800 wanaobana kifua, ulionyesha kwamba asilimia 97 walikuwa wamepata angalau tatizo moja la mwili, na zaidi ya nusu walikuwa na maumivu ya mgongo. Kilichoonekana tena na tena ni wingi wa siku: anayebana siku nyingi kwa juma huumia zaidi, hata kama fulana yake ni ya dukani. Hao hao walisema pia kwamba kubana kifua kuliwapunguzia huzuni na wasiwasi. Basi anayetoa ushauri wa "acha tu" hajaelewa anazungumza na nani, na anayesema "haina madhara" anadanganya.

Sasa masharti hayo yachukuliwe yapelekwe chini ya shitingi.

Februari 2025 vita vilifika Bukavu, na Desemba 2025 vikafika Uvira. Jamaa zikashuka kwa miguu, kwa piki na kwa mtumbwi kuelekea Mboko, Nundu, Baraka na Fizi. Wengine walipokelewa katika nyumba ambazo tayari zilikuwa zimejaa. Kanuni za Sphere, zile ambazo mashirika ya misaada yenyewe yamekubali kujipima nazo, zinataka kila mtu apate angalau mita mraba 3.5 za mahali palipofunikwa, lita 15 za maji kwa siku, na kwa mwezi gramu 250 za sabuni ya kuoga pamoja na gramu 200 za sabuni ya kufulia. Hata pale kanuni hiyo inapotimizwa yote, mita 3.5 si chumba cha kuvulia nguo. Ni upana wa mkeka na njia ya kupita. Mtu anayelala kati ya shemeji na watoto wa dada yake, ambaye wenzake wanamjua kama mwanaume, ataivua saa ngapi? Hawezi kuivua usiku. Hivyo saa 8 zinakuwa 24, na siku ya kupumzika haipo.

Ukaushaji nao ni hivyo hivyo. Hapa mvua inaanza Septemba na kuendelea hadi Mei. Ndani ya shitingi hewa ni nzito na yenye unyevu. Kitambaa kinene kilichofichwa chini ya godoro hakikauki kwa usiku mmoja. Kinavaliwa kibichi, kwenye joto la ukingo wa ziwa, na fangasi inaota chini ya kifua na makwapani. Mwenye nacho akienda kufua ziwani, macho yote yako kwake. Akienda saa ya giza, anakutana na hatari ambazo kila mwanamke wa kambini anazijua.

Kuna hili pia la klorini. Ukingo wa Tanganyika unajulikana kwa kipindupindu, na ndoo za maji yenye klorini zimeokoa maisha mengi. Kiasi kidogo kinachowekwa katika maji ya kunywa hakiharibu nguo. Lakini maji ya kunawia mikono kwenye vituo vya kipindupindu huchanganywa kwa asilimia 0.05, na ya kusafishia sakafu ni makali kuliko hayo. Anayeloweka fulana ya elastiki humo, au anayeitia javeli ili "kuua vijidudu", anaua nyuzi kwanza. Jambo dogo kama hili reko angeweza kulisema kwa dakika moja katika mkutano wa afya. Halisemwi, kwa sababu nguo yenyewe haitajwi.

Pale ambapo fulana haipo au imekwisha, mtu hugeukia bandeji ya elastiki, ile ya kufungia kifundo cha mguu kilichoteguka, au gundi ya karatasi, au kamba ya kitambaa iliyokazwa. Hapa onyo litolewe bila kupindapinda. Bandeji ya elastiki imetengenezwa kwa kiungo, haikutengenezwa kwa mbavu. Mtu akitembea na kupumua inajikaza zaidi badala ya kulegea. Inaweza kuumiza mbavu na kuzuia pumzi. Gundi inachuna ngozi, na kidonda cha ngozi katika maji ya kambi si kitu cha kuchezea. Asiye na fulana sahihi ni afadhali avae singlendi ya kubana ya michezo na shati pana juu yake kuliko kujifunga bandeji. Anayesikia maumivu makali ya kifua, ganzi, kizunguzungu au pumzi fupi aivue papo hapo aende kwenye kituo cha afya.

Na kituoni atapokewaje? Hapo ndipo hoja za wapinzani husikika.

Ya kwanza ni kwamba "watu hao hawako huku, ni mambo ya wazungu." Watu wanaoogopa kuhesabiwa huonekana kama hawapo. Kenya ilipohesabu kwa mara ya kwanza watu wenye jinsia mbili, katika sensa ya 2019, iliandika 1,524. Hao si wanaume wa trans, ni kundi jingine, lakini kabla ya kuulizwa nao waliambiwa hawapo. Na wanaokimbia wapo pia: tangu Uganda itie saini sheria yake kali Mei 2023, na hata kabla yake, watu wa jinsia na mapenzi tofauti kutoka nchi za maziwa makuu, Kongo ikiwamo, wamekuwa wakitafuta hifadhi hadi Kakuma, kaskazini mwa Kenya. Mtu hakimbii mahali ambapo hakuwapo.

Ya pili ni dini. Makanisa na misikiti ya Fizi ina mafundisho yake, na makala hii haimwombi muumini ayabadilishe. Inauliza jambo dogo zaidi: ni andiko gani linalomwagiza muuguzi amcheke mgonjwa mwenye mbavu zinazouma? Katiba ya Kongo ya 2006 inasema katika kifungu cha 16 kwamba mtu ni mtakatifu, na katika kifungu cha 47 inahakikisha haki ya afya. Hakuna kifungu kinachosema isipokuwa huyu.

Ya tatu ndiyo yenye uzito: "watu wana njaa, nani azungumzie fulana?" Ni kweli, unga kwanza. Lakini hakuna anayeomba mfuko wa unga ugeuzwe fulana. Kinachoombwa zaidi ni ukuta, kamba na ukimya, na hivyo vitawafaa wengi kuliko wanaume wa trans peke yao. Bafu lenye mlango unaofungwa, lenye paa na kamba ya ndani ya kuanikia, linamfaa msichana mwenye kitambaa cha hedhi, mama aliyejifungua juzi, mzee anayejikojolea na mgonjwa mwenye bandeji. Kanuni zenyewe za mashirika zinasisitiza faragha ya kuoga na kufulia. Kipande cha shitingi na mita chache za kamba havijawahi kumfilisi mtu.

Kwa hiyo madai yaelekezwe kwa wahusika, kila mmoja na lake.

Wanaogawa vifaa vya heshima waache kugawa kwa orodha mbili tu, ya wanaume na ya wanawake. Waweke meza ambapo mtu anachagua anachohitaji bila kueleza maisha yake. Wakitoa nguo ya ndani ya aina yoyote, watoe mbili, kwa sababu moja haipumziki. Na sabuni iende nayo kila mwezi, isiwe ya siku ya picha peke yake.

Wahudumu wa afya wapime kifua kama wanavyopima kifua cha mtu yeyote: pumzi, mbavu, ngozi. Maswali ya udadisi yabaki nje ya mlango. Siri ya mgonjwa isitoke mpaka sokoni.

Mafundi cherehani wa Baraka wanaweza kufanya kazi hii. Singlendi yenye kitambaa cha pamba kisichonyumbuka mbele, kilichokunjwa mara mbili, na kitambaa cha kunyumbuka nyuma, si ufundi mgeni kwa mtu anayeshona sare za shule. Kipimo kichukuliwe penye upana mkubwa wa kifua na kati ya bega na bega, kisipunguzwe hata kidogo. Fundi anayepokea oda kama hiyo ashone anyamaze, kama anavyonyamaza akishona nguo ya maiti au ya bibi harusi mwenye mimba.

Wazazi na jamaa wanaopokea wageni wana sehemu yao. Si lazima waelewe kila kitu. Wakimwachia mtoto au mgeni wao nusu saa ya chumba peke yake jioni ili avue, apumue, afue na aanike, watakuwa wameifanya fulana idumu zaidi, na aliyeivaa pia.

Nguo hii itaendelea kuvaliwa, iwe imetajwa kwenye mkutano au haikutajwa. Lililobaki kuamuliwa ni kama itavaliwa kavu na kwa saa 8, au mbichi na kwa saa 24. Uamuzi huo hauko mikononi mwa anayeivaa peke yake. Uko kwa anayepanga bafu za kambi, na ombi la kamba ya ndani ya bafu linaweza kupelekwa kwake katika mkutano wa kambi unaofuata.